Shangazi Verna Anaiaga Clara Nisbet

Ijumaa ya tarehe 12 Septemba, Bi. Verna Silas, ambaye hapa Dawson hata meya humwita Shangazi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatembeza wageni ndani ya Clara Nisbet, meli yetu ya mvuke iliyopumzishwa ukingoni mwa mto Yukon. Kwa hesabu yake mwenyewe, amepanda ngazi ya chumba cha nahodha zaidi ya mara elfu kumi na mbili. Magoti yake yanasema ni zaidi ya hapo.

Hakuajiriwa kusema. Aliajiriwa kusugua sakafu na kung'arisha shaba. Mwezi wake wa pili kazini, mtembezaji wa wakati ule alipoteza sauti kwa mafua, na basi lilikuwa limeshashusha wageni arobaini. Msimamizi, Bwana Tasker, akamkabidhi Verna karatasi sita za maelezo. Alisoma ya kwanza, akapotea kwenye ya pili, akazikunja zote akazitia mfukoni.

"Hizi ni habari za manahodha," aliwaambia wageni. "Mimi nitawapa za baba yangu, mkata kuni za meli. Nahodha bila kuni angefika wapi?"

Ziara ya dakika arobaini ikachukua saa moja na nusu. Dereva wa basi alipiga honi hadi akachoka, kisha naye akaingia kusikiliza. Jioni Tasker alimkaripia vilivyo. Kesho yake alikuja na daftari, akamwomba arudie yote polepole.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemnyang'anya zamu. Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza kama meli bado inakwenda. "Inakwenda," alijibu bila kucheka, "ila polepole sana. Rudi baada ya miaka mia utaona."

Lakini mimi, fundi seremala wa meli hii, siwezi kuandika habari zake bila kulitaja lile la barafu. Ilikuwa Mei, mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Barafu ya mto ilipasuka ikakwama kwenye kona chini ya mji, na maji yakaanza kupanda. Verna alikwenda kwa msimamizi mpya, aliyekuwa amechukua nafasi ya Tasker, akataka meli ifungwe kwa kamba za chuma.

"Shangazi, meli hiyo haijasogea tangu niko shule ya msingi. Itakwenda wapi leo?"

"Mto hauulizi ulikuwa darasa la ngapi," akajibu, akatoka.

Wengi tulicheka, nami nikiwamo. Yeye akawakusanya wapwa zake wawili na trekta moja, wakavuta kamba nzito kutoka kwenye mgodi uliofungwa zamani. Nilipowaona wanahangaika na fundo la kwanza, aibu ikanishika, nikachukua glovu zangu. Kufikia saa kumi jioni meli ilikuwa imefungwa kwa kamba nne.

Asubuhi iliyofuata maji yaliifikia. Mapande ya barafu yenye ukubwa wa lori yalikuja yakiisukuma ubavuni. Sehemu ya nyuma ya meli ikainuka kutoka kwenye magogo iliyolalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaiona Clara Nisbet ikielea. Kamba moja ilikatika kwa mlio kama wa bunduki. Tatu zilizobaki zililia, zikanyooka, zikashika. Alasiri kule chini barafu iliachia, maji yakashuka, nayo meli ikatua shubiri mbili tu kutoka mahali pake. Ndipo ilipo hadi leo.

Tulikuwa bado tunakumbatiana pale jirani wa Verna alipofika mbio kumwambia kwamba mto umechukua kibanda chake cha kukaushia samaki, pamoja na samoni wote waliobaki. Siku zote mbili Verna hakwenda nyumbani hata kutazama. Alikaa juu ya gogo, akafuta uso kwa skafu yake.

"Kibanda nitajenga kwa siku tatu," alisema. "Hii nani angeijenga?"

Hakukijenga yeye. Juni tulikwenda wafanyakazi wote, msimamizi akiwa mbele amebeba mbao na kuomba radhi kila hatua kumi. Tulikimaliza kwa siku tano, maana mwenye kibanda alitukosoa kila msumari.

Jumamosi iliyopita Shangazi aliomba beji ya mgeni. Akafuata ziara akiwa wa mwisho kabisa, nyuma ya Corinne Dufresne, binti anayempokea kazi. Penye mashine, maneno yalimkwama Corinne, na sote tukamgeukia Shangazi. Yeye akatazama mto dirishani kana kwamba hayamhusu. Corinne akavuta pumzi, akacheka, akaendelea.

Baadaye Shangazi alimvuta kando. "Mwanangu, umekosea urefu wa meli kwa futi mbili."

"Samahani, Shangazi, nitarekebisha."

"Usihangaike. Mimi nimekosea kwa tatu miaka yote hii, na bado ilielea."

Shangazi Verna, asante kwa sauti yako, kwa ukali wako na kwa zile kamba. Tunakuombea siku ndefu, samaki wa kutosha na usingizi usiokatizwa na honi ya basi lolote. Nenda ukaishi kwa raha, nasi tutaitunza meli.

Lorne Haskett, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Clara Nisbet