Fundi Luhaga na Mtungi wa Nyumba Namba Tisa

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Jonathan Luhaga atakabidhi funguo za stoo ya Makao ya Wazee Jiwe Pimbi, Ilemela, na kustaafu baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kazi. Funguo atazikabidhi. Bisibisi yake ya mpini wa njano, ile anayoichomeka ndani ya soksi ya kulia, tumekubaliana ofisini kwamba hakuna atakayethubutu kumdai.

Alikuja Machi 1969 kama kibarua wa kupaka chokaa, akitokea Usagara kwa baiskeli isiyo na breki. Wiki ya pili alifufua jenereta lililomshinda fundi aliyeletwa kutoka mjini, na tangu siku hiyo hakushika tena brashi ya chokaa. Ametengeneza mabomba, mapaa, vitanda, redio, miwani, na mara moja meno ya bandia ya mzee ambaye hataki nimtaje. Chakula cha mchana hukila juu ya ngazi. Anasema akishuka tu, lazima kuna mtu atamwonyesha kitu kilichoharibika.

Wageni wanaotoka mbali, hata hivyo, hawaji kuangalia mabomba. Wanakuja kuona ubao wa taa, na mimi niliyekaa mbele ya ubao huo karibu miaka mitano nadhani nina haki ya kuusimulia.

Mwaka 1993 ulikuwa mbaya kwetu. Ilikuwa enzi ya kupunguza wafanyakazi, na sisi tulipunguzwa: wauguzi tisa wakabaki watatu. Nyumba zetu ni kumi na mbili, kila moja na mzee wake, zimetawanyika juu ya kilima katikati ya mawe, na ofisi iko chini. Zamani kila mlango ulipigwa hodi asubuhi. Sasa Muuguzi Selina alikuwa hajamaliza nusu ya nyumba na jua limeshapanda. Mwezi Agosti tukamkuta mzee mmoja sakafuni, ameanguka tangu jana yake. Hakupona. Fundi Luhaga ndiye aliyetengeneza jeneza, na alipomaliza alikaa kwenye benchi lake hadi jioni.

Miaka hiyohiyo mji ulijaa friji za mtumba, nyingine zikiwa zimekufa kabla hazijashushwa kwenye lori. Fundi akaenda kwa Mukesh, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, ambaye uwani kwake kulikuwa na lundo la friji mbovu. Akaomba kitu kimoja tu: ile swichi ndogo ya mlangoni, inayowasha taa friji ikifunguliwa. Mukesh alidhani anataniwa. Alipoona si utani, alimpa gunia zima.

Swichi hizo alizifunga tatu kwa kila nyumba: mlango wa mbele, mlango wa jiko, na mfuniko wa mtungi wa maji, ambao aliutengeneza upya kwa mbao na bawaba. Waya chakavu wa simu ukateremka kilimani mpaka ofisini, kwenye ubao wenye balbu za tochi alizozipaka rangi. Nyekundu ilikuwa ya mlango, njano ya jiko, kijani ya mtungi. Kwa kuwa mgao wa umeme ulikuwa haueleweki, aliunganisha ubao wote kwenye betri ya lori. Mzee akifungua, taa inawaka, na karani, yaani mimi, naweka alama daftarini. Kwa alama hizo tulijua nani ameamka, nani amepika, nani hajagusa maji tangu asubuhi.

Hakumfungia mtu bila ruhusa. Alipanda kwa kila mzee, akaamkia shikamoo, akakaa, akaeleza. Mzee Ndalahwa, aliyekuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, alikubali bila shida, kisha akaufunga mlango wake kwa kamba ukabaki wazi mchana kutwa. Alisema anatusaidia, ili tusihangaike kujua kama yupo. Betri yetu ilikwisha mara mbili kabla hatujagundua.

Halafu, wiki ya sita, taa nyekundu ya Mzee Shimba iliwaka saa kumi na mbili asubuhi, na kijani haikuwaka hadi saa mbili. Selina alipanda mbio akamkuta nyuma ya choo, nyonga imevunjika, lakini yu hai. Siku hiyo tulimbeba Fundi juujuu. Nadhani ndipo sote, yeye akiwa wa kwanza, tulipoanza kuziamini taa kuliko miguu yetu.

Na hapa nafika mahali ambapo Fundi mwenyewe aliniambia nisiparuke.

Mwaka 1995, katika nyumba namba tisa, ya mwisho kabisa kule juu karibu na uzio, alikuwa akiishi Bibi Teodora, mjane kutoka Ukerewe, miaka sabini na minane. Wakati wa kiangazi taa yake ya kijani ilianza kuwaka mara kumi kwa siku, mara ishirini. Siku moja nilihesabu mara thelathini na moja. Njano haikuwaka kabisa. Mtu hapiki, na anafunua mtungi mara thelathini na moja! Tukasema kumbukumbu zimemtoka, anakunywa na kusahau kwamba amekunywa. Fundi akaandika ripoti kwa mwandiko wake ule mzuri. Kamati ya makao ikaamua Bibi ahamishiwe chumba cha uangalizi, chenye vitanda sita vinavyotazama ukuta, na nyumba yake apewe mwingine.

Bibi alipoambiwa hakubisha. Aliuliza tu kama ataruhusiwa kwenda na mtungi wake. Akajibiwa kwamba haina haja, kule kuna bomba. Selina anasema alianza kukunja mkeka wake.

Alhamisi asubuhi Fundi alipanda kung'oa swichi. Sasa, kwa Bibi Teodora mgeni hasemi shida yake kabla ya kukaa na kunywa maji. Fundi akakaa, akapewa maji. Huku chini taa ya kijani ikawaka, nami nikaweka alama, nikamhurumia Bibi. Fundi hajamaliza kunywa, mwanamke akapenya kwenye uzio, vumbi la mawe limemjaa hadi kwenye kope. Akapewa maji, akamlaza mtoto wake mkekani, akarudi alikotoka. Akaja wa pili. Akaja wa tatu.

Walikuwa wapasua kokoto wa upande wa pili wa kilima. Miaka ile mji mzima ulikuwa unajenga, na kokoto hazikupumzika. Bibi Teodora alikuwa akiwalelea wachanga wao wanne na kuwanywesha maji mama zao, na wao, ikifika saa saba, walimletea ugali na dagaa kutoka kwenye mafiga yao. Ndiyo maana jiko lake lilikuwa baridi. Hakutuambia kwa sababu wageni nje ya saa za kutembelea walikatazwa, na aliogopa tutawafukuza. Yule tuliyemwandika kuwa hajiwezi alikuwa na kazi kuliko sisi wote.

Fundi alishuka saa kumi jioni. Bisibisi ilikuwa kwenye soksi, na mkononi hakuwa na swichi hata moja. Aliniomba ile ripoti, akaandika juu yake kwa herufi kubwa NIMEKOSEA, akatia saini na kuipeleka kwa kamati. Mwenyekiti alisema uamuzi umeshapita. Fundi hakugombana naye. Aliomba jambo moja tu: kila mjumbe apande, akae kwa Bibi kuanzia asubuhi hadi alasiri, ndipo waamue.

Mwenyekiti alitangulia, na suti yake. Ilipofika saa tisa alikuwa amelaliwa na mtoto juu ya tai, anaogopa hata kukohoa. Wiki iliyofuata uamuzi ulifutwa, na kwenye uzio pakawekwa kijilango. Alikiweka Fundi. Na tangu hapo ndoo mbili za asubuhi za mtungi ule amezipandisha yeye mwenyewe, mvua au jua.

Aliniletea pia daftari jipya, safu zake amezichora kwa rula. Ya mwisho imeandikwa: Nani alipanda? Alama isiyo na jina kwenye safu hiyo, alisema, haina maana, kwa sababu taa inajua mfuniko umefunuliwa, basi. Kwa daftari hilo tumewaona wazee wengi wakipungua nguvu mapema, tukawasaidia wakiwa bado majumbani mwao. Hakuna mwingine aliyeamuliwa kuhamishwa kwa makosa.

Fundi anakwenda Buswelu, kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Tangu mkewe afariki mwaka jana anaishi peke yake, na hilo linatuumiza. Selina alitaka tumfungie taa. Waya wetu haufiki Buswelu, na mwenyewe alicheka tu, akasema yeye bado kijana. Ni Bibi Teodora, sasa miaka themanini na mmoja, aliyemaliza ubishi: kila Alhamisi kabla ya saa nne Luhaga afike kwake anywe maji, na ndoo atazikuta zimeshapanda, maana wapasua kokoto wamegawana zamu.

Basi, Fundi, shikamoo. Asante kwa milango yote uliyoifungua na kwa ile ripoti uliyoiandika vibaya ukaisahihisha mbele yetu. Afya iwe njema, usingizi uwe mtamu, na sasa ule chakula cha mchana ukiwa umekaa chini kama watu wengine. Alhamisi hii taa ya kijani ya namba tisa itawaka, na haitaniambia kama ni wewe. Kwa hiyo nitafunga daftari nipande mwenyewe. Nikikukuta, nitaandika jina langu kwenye safu yako. Nisipokukuta, Selina ana baiskeli, na njia ya Buswelu anaijua.

Hellen Chenge, Karani