Nyumba Nne Kutoka Kwangu

Zimeni hiyo redio, wanangu, mniwekee mto mgongoni, mnisikilize mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu. Recho, usilie; mie baba yenu Kasimiri nimekula jasho langu hapahapa Manzese na moyo wangu umetulia. Nyumba hii msiiuze: vyumba vya mbele ni vyako, vya uani ni vya kaka yako, na atakayemletea mwenzake dalali mlangoni, radhi yangu hana.

Sasa wewe, Gaspar. Wamekuchagua mwenyekiti wa jumuiya, kiti nilichokikalia miaka kumi na tisa, na nimeona ulivyolipakata lile daftari la mahudhurio kama mtoto mchanga. Nami nililipenda hivyohivyo: kila Jumamosi asubuhi tukishasali naita majina, na asiyekuwepo nampigia mstari mwekundu kwa rula, najisifu kwamba kwangu hakuna upendeleo. Tekla, yule mama muuza vitumbua, nilimpigia mistari kumi na minne. Alipofariki, binti yake Anjelina alikuja kuomba barua ya jumuiya ili padre amzike mama yake, nami nikamfunulia daftari nikasema, "Mama yako hakuwa Mkristo hai." Akazikwa bila padre. Kumbe yule mama alivunjika nyonga, kalala kitandani miezi mitatu na ushei, nyumba nne kutoka kwangu, na sikwenda hata siku moja kumwuliza, Tekla, mbona hatukuoni? Niliona aibu, wanangu, na naiona hata sasa.

Mficha uchi hazai. Nilipoungama, padre aliniambia Mungu amesikia, ila uliowakosea bado; nikasimama mbele ya jumuiya nzima nikayasema, kisha padre akaenda kusali kaburini. Anjelina hakunisemesha mwaka mzima, na hakukosea: mwenye kovu usidhani kapoa.

Tangu nilale hapa nimekosa Jumamosi sita. Wazee wenzangu wa kanisa wametuma salamu kwa simu. Aliyekuja kila Jumamosi na uji wa ulezi kwenye chupa ni nani? Anjelina. Juzi nikamwuliza, mwanangu, umenisamehe? Akacheka: "Mzee, we kunywa uji kwanza, unapoa." Nikanywa, na sijawahi kunywa kitu kitamu vile.

Basi siku ya mazishi, Anjelina ndiye asome wasifu wangu, na habari ya mama yake asiiruke. Recho, chupa yake ioshe, umrudishie... Nipeni maji kidogo. Gaspar, usiyemwona Jumamosi, jioni hiyohiyo uwe umebisha hodi kwake... hata kama ni mlevi, hata kama mmegombana. Mungu awape miguu ya kwenda, wanangu... na macho...

Rula yangu iko hapa, chini ya mto. Ichukue, Gaspar. Ivunje, nikiwa bado nasikia.

Haya... nimesikia. Mbarikiwe.