Tabea, Mke wa Thomasi, Aliyelala Kila Jumapili Mchana

Wazee wetu, mchungaji, mwalimu Eliamini, ndugu mliotoka bondeni na nyinyi mliopanda kutoka boma la Arusha, shikamooni, na wadogo hamjambo. Mimi ni Solomoni, mdogo wake Thomasi aliyefiwa na mke, na nimeambiwa nisome habari za maisha ya shemeji yangu Tabea kwa sababu katika ukoo wetu ni mimi peke yangu niliyemaliza shule ya misheni, nami nasoma kwa Kiswahili ili wageni wa Kichaga na watu wa boma wasikie pia. Nawaomba mnivumilie, maana habari yenyewe imenichanganya tangu juzi, nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, na hata sasa nikiwa nimesimama hapa sijui kama ninachosoma ni sifa za marehemu au ni mashtaka.

Marehemu Tabea alizaliwa hapa hapa kwenye mteremko wa Meru, juu ya mto Usa, akiwa mtoto wa pili wa mzee Lemburis, akapewa jina la Nosim, na tarehe hasa haijulikani. Misheni waliandika Januari mosi 1891 kwa kuwa lazima kitu kiandikwe, mama yake mzazi anasema alimzaa wakati wa ile sotoka iliyomaliza ng'ombe, vuli ikiwa imeanza, na mzee Lemburis anasema hapana, ilikuwa masika, basi hilo tuwaachie wenyewe.

Mwaka 1905 alianza kujifunza kusoma katika shule ya misheni, baba yake akikataa asubuhi na kukubali jioni, na tarehe 19 Aprili 1908, Jumapili ya Pasaka, alibatizwa pamoja nami na wengine, akaitwa Tabea. Kazi yake ilikuwa nyumbani kwa bwana wa misheni, kufua, kupiga pasi na kusaidia jikoni, na huko ndiko jambo lenyewe lilikoanzia.

Kule misheni, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ilifungwa madirisha, bwana na bibi na watoto wao wakavua viatu wakalala, mchana kweupe, hakuna mgonjwa wala mlevi, na Tabea aliyekuwa akiosha sahani alipochungulia mara ya kwanza alidhani wamekula sumu. Bibi alipoamka alimweleza kwamba Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, na Bwana Yesu alilala ndani ya mashua katikati ya dhoruba, na kwamba anayelala siku ya Bwana anamwachia Mungu shamba lake, mifugo yake na kesho yake. Sasa, nani alimwambia Tabea kwamba kule kulala ni sehemu ya ibada, kama ulivyo ubatizo na meza ya Bwana? Hakuna. Alielewa hivyo mwenyewe, nasi wengine tuliobatizwa siku ile tukaelewa hivyo hivyo, ila sisi hatukuwa na ujasiri wa kulala. Mwalimu Eliamini, yuko hapa, atanisahihisha, alikwenda kumuuliza bwana wa misheni kama Mkristo asiyelala Jumapili mchana ametenda dhambi, na bwana alicheka mpaka akafuta macho, akasema si dhambi, kisha akasema lakini ni jambo jema sana, na mwalimu akarudi bila kujua amejibiwa nini.

Tarehe 20 Oktoba 1909 alifunga ndoa na kaka yangu Thomasi, akahamia kwetu, kwa mama yetu Simaloi, ambaye wengi mnamjua, hajabatizwa, na ulimi wake mnaujua pia. Jumapili ya kwanza shemeji alirudi kutoka kanisani, akawapa ng'ombe majani ambayo alikuwa ameyakata Jumamosi ya kutosha siku mbili, akatandika ngozi nje, migombani, akajilaza. Jamani! Kwetu hapa mwanamke akilala mchana ni mgonjwa, au amegombana na mumewe, au kuna mtu amemlaani, la nne hatulijui. Mama alipiga yowe, majirani wakaja mbio, huyu na supu ya mafuta ya kondoo, yule na mzee wa kumtemea mate ya baraka, na kabla ya jioni mzee Lemburis alikuwa ameitwa aje aseme kwa nini ametuoza binti mgonjwa. Tabea alifumbua macho akakuta watu wamemzunguka, akawaambia kwa upole, "Siumwi jamani, napumzika, ni siku ya Bwana," kisha akainywa ile supu yote, kwa sababu alikuwa mtu mwenye heshima na watu walikuwa wamejisumbua. Alipoulizwa kwa nini basi asijifiche ndani, alisema kupumzika si wizi.

Hapo ikaanza vita, nami siwezi kuipamba. Mama alikuwa akileta kinu chake karibu na kichwa cha shemeji na kutwanga mahindi, Jumapili baada ya Jumapili, na shemeji akalala hivyo hivyo, na siku nyingine sita akafanya kazi kuliko sisi sote, akateremka bondeni kupalilia, akapanda na mzigo wa majani unaomfunika mpaka magotini, na hilo ndilo lililomkera mama zaidi, kwamba hakupata pa kumwitia mvivu. Kaka Thomasi alikuwa kazini na magari ya ng'ombe ya mlowezi mmoja, akipeleka mizigo stesheni ya Moshi, kila akirudi anakuta mashtaka mapya, na jibu lake lilikuwa moja tu, "Mama, si anaamka?"

Walijaliwa mtoto mmoja, Maria, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1912, huyu aliyebebwa na shangazi yake pale. Uzazi ulikuwa mgumu, mama yetu akamhudumia mkwewe kwa wiki nyingi mpaka mama mwenyewe akaisha mwili, na Jumapili moja Tabea akamwambia, "Mama, njoo ujilaze hapa, huombi kitu, hubatizwi, jilaze tu." Mama alijilaza, nadhani kwa kumkejeli, akalala mpaka ng'ombe walipoanza kulia njaa, akaamka analia na yeye, tukamuuliza una nini, akasema hajui, tangu aolewe hajawahi kulala na mtu mwingine akamwangalizia moto wake. Tangu siku hiyo mama aligeuka, mwenye kinu akawa mlinzi, ikifika Jumapili anakaa kwenye kigoda na fimbo yake, anafukuza kuku, anafukuza watoto, anafukuza hata wageni wa heshima, ole wako ukohoe.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo akili yangu inapogoma. Wiki iliyopita shemeji alirudi kutoka bondeni na kichwa kinamuuma, Ijumaa akawa na homa, tukasema ni homa ya bondeni, itapita, Jumamosi akakata majani ya siku mbili kama kawaida yake, na Jumapili, juzi, tarehe 8 Juni 1913, alikwenda kanisani kwa miguu yake, akaimba, akarudi, akamnyonyesha mtoto, akajilaza migombani. Mama akakaa na fimbo. Jirani yetu Lydia alipita, akasimama, akasema, "Mama Simaloi, huyu anahema vibaya," na mama akamjibu, "Anahema usingizi! Siku sita mnamchosha, hata hii moja mnataka?" Lydia akasisitiza, akaonyeshwa fimbo, akaondoka. Wakaja wengine wawili, wakaambiwa hivyo hivyo. Mtoto alipolilia ziwa, mama akamtikisa mkwewe bega, akamtikisa tena, na mtu hakuwepo.

Mganga wa misheni alikuja, akamtazama, tukamuuliza mbele ya wote, kama angeamshwa mapema, akapewa dawa, angepona? Akasema huenda, na huenda sivyo, homa ile ikishapanda kichwani mara nyingi haishuki. Sasa hilo ni jibu? Mwalimu Eliamini anasema Bwana alimchukua mpenzi wake katika pumziko lake, hakuna kifo kizuri kuliko hicho, nami nikimsikia naamini. Mzee Lemburis anasema binti yake alikuwa anakufa na watu wamekaa wanafukuza kuku, nami nikimsikia naamini pia. Ningekuwa na hasira na mtu ningejua pa kuipeleka, lakini nikigeuka huku namkuta bibi wa misheni aliyesema maneno mema, nikigeuka kule namkuta mama yangu aliyefanya kwa upendo kitu alichokataa kukifanya miaka mitatu, nikimgeukia Mungu, nisameheni, sijui nimuulize nini.

Na mama hajalala. Nalisema wazi kwa sababu ndilo linalotutisha kuliko kaburi hili. Tangu Jumapili hajaweka ubavu chini, akihisi macho yanafumba anasimama anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, anajifinya mikono mpaka imevimba, uji anaumwaga. Anasema, "Nilikilindia kifo mlango, nikawafukuza waliokuja kumwokoa." Anasema hatalala tena kamwe, si mchana si usiku. Kaka Thomasi aliingia jana jioni kutoka Moshi, mbio njia nzima, akapiga magoti mbele yake kabla hata hajauona mwili wa mkewe, akamwambia, "Mama, silaumu," na mama akamjibu kwamba asiyelaumu hakumpenda marehemu. Mama yetu ni mzee. Tukizika mmoja leo, tutazika wa pili wiki ijayo, kila mtu hapa analiona, na hakuna anayejua la kumwambia, maana kumwambia alale ni kumwambia afanye kile kile kilichomuua mkwewe.

Kwa niaba ya ukoo naomba nishukuru. Namshukuru mganga wa misheni kwa kuja upesi, jibu lake tutaendelea kulitafakari, na bwana na bibi wa misheni kwa mbao za sanduku, na wenzake wa marehemu wa jikoni na wa kufua waliomshonea nguo hii nyeupe, na vijana waliokimbia hadi Moshi kumwita kaka, na majirani wote mlioleta ndizi, maziwa na kuni. Lydia, wewe nakushukuru peke yako, kwa kuwa ulisema kweli ukafukuzwa, na bado ulikuwa wa kwanza kurudi kumwosha.

Ndugu, naacha kusoma kidogo, maana naona watu hamnisikilizi, mnatazama nyuma yangu, nami nimegeuka nimeona. Mama amelala. Amelala ameketi, kichwa kwenye bega la Lydia, mdomo wazi. Tafadhali, msipige kelele. Kaka, subiri, usimguse. Lydia ameweka kiganja puani kwake, anaitikia kwa kichwa kwamba pumzi ipo, ipo na ni nzuri. Mimi sijui kama hii ni rehema au ni uchovu tu wa kizee, na sijui akiamka tutamwambia nini kwamba tumezika yeye amelala, atatutukana wote, na atukane.

Mwalimu, ule wimbo tuliopanga kuimba kwa nguvu, naomba tuuimbe chini kwa chini. Wabebaji, shusheni sanduku polepole, na udongo tuutie kwa mikono kwanza. Lydia, wewe usije kaburini, baki hapo hapo, kila mara sikiliza pumzi, na ikibadilika hata kidogo mwamshe, mtikise, mpigie yowe, usimwogope mtu.

Tabea, shemeji yangu, pumzika kwa amani. Mama, lala na wewe, ila wewe uamke.