Kofia ya Msumeno

Zimeni hiyo redio, fungeni mlango, mkae wote watatu pale ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo. Wewe mwanangu wa kwanza kaa hapa karibu, usijifiche nyuma ya dada yako. Wewe binti yangu shika kalamu. Na wewe kitindamimba acha kulia, hayo machozi yaweke akiba, leo nina hasira na sitaki mtu wa kunipoza. Kifua hiki kimejaa vumbi la mbao la miaka thelathini na moja, daktari ameshasema kwa macho alichoshindwa kukisema kwa mdomo, na pumzi iliyobaki nataka kuitumia kugombana.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimekiona nguoni mwa mtoto wangu mwenyewe. Jana mchana, mwanangu wa kwanza, ulipoinama kunigeuza ubavu, karatasi ilichungulia mfukoni mwa shati lako, na juu yake nikauona mhuri wa kiwanda, ule wa mlango na ufunguo, ambao nimeuona kwenye bahasha ya mshahara maisha yangu yote. Dada yako akanieleza kilichoandikwa, usimchukie, nilimbana. Kwamba nikifa, ninyi warithi mnaiondoa mahakamani kesi yangu ya kudai fidia ya mkono, na kiwanda kwa ukarimu wake kitatoa jeneza, na gari la kubeba watu, na kazi kwa mdogo wenu. Kazi gani? Kwenye msumeno. Msumeno ule ule. Umekwenda sebuleni kwa meneja ukanywa soda yake, ukauza mkono wa baba yako, ukaweka rehani vidole kumi vya mdogo wako, halafu ukarudi nyumbani ukaniuliza kama nimekula.

Nyamaza, najua utakachosema. Utasema kesi iko mwaka wa nne, tarehe zinaahirishwa, watu wanatucheka, na mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo usinisomee mimi. Mkono mtupu ninao mimi, na ninalala nao.

Sasa nisikilizeni, maana yafuatayo hata mama yenu aliondoka duniani bila kuyajua. Msumeno wa mviringo una kifuniko cha chuma kinachokaa juu ya meno yake, na sisi kiwandani tulikiita kofia. Ukiuvika kofia hauli mtu, lakini mbao nene zinakwama, kazi inakwenda taratibu, na msimamizi wetu alitaka fremu za milango zitoke kama mvua. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuwasha tulifungua nati nne, tukaivua kofia, tukaitundika msumarini ukutani. Siku ya mkaguzi tunaivisha, mkaguzi anaitikia kwa kichwa, anakunywa chai, anaondoka, tunaivua. Amri hiyo haikuandikwa popote. Na kulikuwa na amri ya pili, nayo haikuandikwa: mtu akikatwa, kabla ya kumgusa, kofia irudi kwanza. Mwenye spana nilikuwa mimi.

Mnamkumbuka Mrefu, marehemu mume wa jirani yetu, aliyekuwa akiwabeba mabegani mkachungulia juu ya ukuta wa shule. Mrefu alikatwa mkono akiwa hatua mbili kutoka kwangu. Akaniomba nimfunge kwa shati, na mimi, rafiki yake, nikauruka mguu wake nikaenda msumarini. Nilikaza nati zote nne. Mikono haikutetemeka, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, haikutetemeka hata kidogo. Mkaguzi alipofika akakuta kofia imekaa vizuri, akaandika uzembe wa mfanyakazi, nami nikaitwa ofisini nikaapa kwamba ilikuwepo tangu asubuhi. Mrefu hakupata fidia. Hakuwa na wakili. Alikwenda mahakamani peke yake na bahasha ya vyeti vya hospitali, mbele ya mwanasheria wa kiwanda aliyemsomea kiapo changu neno kwa neno, na alipotoka alinikuta mlangoni akanisalimu. Alinisalimu, wanangu. Baada ya miaka miwili tukamzika, na meneja akasimama kaburini akasoma risala kwamba marehemu alikuwa mchapakazi.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Zamu yangu ilipofika nilikuwa chini kwenye unga wa mbao, mkono wa kulia sijui uko wapi, na nikasikia spana. Nilizihesabu. Nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na ya nne ilikaa vibaya, akaifungua akairudia. Ndipo mtu akaniinamia, ndipo gari likaitwa. Aliyeishika spana hiyo simtaji na msimtafute, maana kazi ile nilimfundisha mimi.

Siku ya tatu wodini akaja kijana wa tai kutoka kiwandani na fomu, weka dole hapa mzee, ni ya dawa. Haikuwa ya dawa, ilikuwa ya kuacha madai. Muuguzi aliyekuwa akinibadilishia bandeji aliisoma kwa pembeni akanibana bega, na huyo muuguzi ndiye aliyenipa namba ya wakili wetu, yule mliyempa jina Viatu vya Raba, mkamcheka siku ya kwanza kwamba kabinti haka kataweza wapi. Aliomba mahakamani akaruhusiwa kwenda kukikagua kiwanda. Mawakili wa upande wa pili walikuwa watatu, wote wakaenda moja kwa moja kwenye mashine kuonyesha kofia inavyong'aa. Yeye akautazama ukuta. Ukuta wa karakana ile umevaa vumbi la miaka na miaka, isipokuwa mahali pamoja, nusu duara safi, na juu yake msumari. Akauliza hapa huwa kunatundikwa nini. Meneja akasema kalenda. Akamwuliza, kalenda ya nusu duara? Akapiga picha. Wiki iliyofuata ukuta mzima ukapakwa rangi, na sisi tulikuwa tumeomba rangi hiyo tangu ninyi hamjazaliwa.

Lakini picha haiapi. Alihitaji mtu wa kusema kofia ilikuwa pale ukutani kila siku, na walioko kazini wana watoto. Akaniambia bila kunipaka mafuta: mzee, ukisema hivyo watauliza mbona kwa Mrefu uliapa vingine, na watakuita mwongo mbele ya hakimu. Nikamwambia waniite, si ndivyo nilivyokuwa. Mwezi uliopita, alipoona sitaifikia tarehe ya kesi, akamleta ofisa wa viapo hapa kitandani. Nikaeleza yote, ya Mrefu na yangu, nikatia saini kwa mkono wa kushoto, saini yenyewe inafanana na nyayo za kuku. Kwa maneno hayo wakili ataomba shauri la Mrefu lifunguliwe upya, kwa ajili ya mjane wake. Hakuahidi kushinda, alisema ataomba. Kwa hiyo, mwanangu, hiyo karatasi yako haiuzi mkono wangu peke yake. Kesi yangu ikiondolewa, kiapo changu kitakuwa karatasi ya kufungia karanga, na Mrefu nitakuwa nimemkazia nati mara ya pili, safari hii kwa mikono yako.

Jirani, huyo mjane wake, nimeshamwambia. Alikuwa ananiosha mgongo, nikamweleza mpaka nati ya nne. Akamaliza kuniosha, akakunja taulo, akaenda. Kesho yake akaja na uji kama kawaida, akanilisha, na mpaka leo hajanisemesha neno. Nilitaka anitukane. Sikupata.

Andika, binti yangu. Nyumba ni yenu watatu, asiuze mmoja bila wenzake. Msimamizi wa mirathi ni wewe, wakili anayo karatasi. Sanduku la zana, randa, patasi na misumeno ya mkono, ni la kitindamimba. Atafanya kazi yake mwenyewe chini ya bati lake mwenyewe, na akija kununua mashine, kofia isitoke. Vyeti vya hospitali viko kwenye kopo la biskuti, asiviguse mtu. Msitie saini msichokisoma, wala mlichokisoma kabla wakili hajakisoma. Fidia ikitoka, wa kwanza kula ni mjane wa Mrefu. Isipotoka, mtakata rufaa. Jeneza langu chongeni wenyewe, hata kwa mbao za masanduku. Meneja akija msibani mpeni kiti na maji, ni mgeni, lakini asifungue mdomo kaburini kwangu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi kunyongwa nimeshanyongwa. Hiyo haki bado naisubiri.

Maji. Basi, yanatosha.

Mwanangu wa kwanza, sogea. Hapana, usishike huo wa kushoto, shika hiki kigutu. Kina joto, sivyo? Bado ni mkono wa baba yako. Sikuchukii. Uliogopa njaa, na mimi niliogopa njaa siku ile nilipouruka mguu wa Mrefu, ndiyo maana nimekukasirikia hivi. Radhi yangu nawapa nyote watatu. Mungu awalindie viungo vyenu... mle jasho lenu mkiwa wazima... mlale usingizi usio na spana ndani yake. Lakini yako wewe... yako ina sharti moja.

Nasikia ndara zake uani. Ni yeye, na uji. Mfungulie, binti. Mpe kiti, pale, karibu na kaka yako. Wewe itoe hiyo karatasi... iweke mapajani mwake, umwambie ni ya nini, na ulitaka kuifanyaje. Kwa mdomo wako. Mimi nilichelewa miaka kumi na mitatu... wewe usichelewe hata siku.

Karibu, jirani. Liweke bakuli chini kidogo. Huyu mwanangu ana neno.

Sema, baba. Mimi nimemaliza.