Phanuel Shivachi na Globu ya Taa Nyekundu

Waombolezaji wenzangu, kabla sijasoma, kila mtu chini ya hii turubai aape kwa mama yake, kwamba ya leo hayatavuka Gatina yafike Kianda kwa Mzee Fadul, na wewe Muia usiangalie chini, hiyo mdomo yako tunaijua.

Marehemu Phanuel Shivachi alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 huko Kakamega, mtoto wa ndugu yangu Khamala na mama Nekoye, akasoma mpaka 1961, akafukuzwa kwa kufungua redio ya mwalimu aone nani anaongea ndani, chekeni tu, hata yeye alikuwa anaicheka. Mwaka wa 1963 alikuja Nairobi, akakaa Mashimoni kwa Wesonga aliyemfundisha waya za magari, na 1970 akapata chumba Kianda kwa ploti ya Mzee Fadul, akawa anatengenezea magari hapo mbele.

Agosti 1974 akawa amekubaliana na Jentrix Mideva, na wajomba wa Jentrix wakasema watakuja Jumamosi tarehe 17 waone kijana anakaa wapi na anafanya nini. Wiki hiyo hiyo gari ya Mzee Fadul ikaanza kuzima, kila asubuhi betri imekufa, inasukumwa na ploti nzima, na Mzee anapiga kelele, "Shivachi, umenibadilishia betri! Ijumaa ikinikatalia tena, uhame kwangu!"

Phanuel akakaza mkanda wa injini, akasugua vichwa vya betri, akafungua altaneta, ile inayochaji betri, akaifunga, kila kitu kizima, na kila akiangalia dashibodi, ile taa nyekundu ya chaji haijawaka, akawa anasema, "Si taa imezima? Basi chaji iko." Hapo ndipo alikosea. Ijumaa akawasha ufunguo bila kuamsha injini, wakati ambao hiyo taa lazima iwake, akaona giza, akakumbuka stima inayoamsha altaneta inapitia kwa hiyo globu, akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, globu hakuna.

Zeinabu, bibi ya Mzee, akamletea chai, akafungua fundo la leso, akamwekea globu mkononi. Mama yake alikuwa mgonjwa huko Kibos, na yeye anataka kupelekwa amuone, lakini kila hiyo taa ikipepesa, Mzee anasema gari haiendi safari, kwa hivyo yeye akaing'oa, akidhani ameondoa ugonjwa. Na Mzee alikuwa ameapa mbele ya watu, mtu akigusa gari yake, hata kama ni bibi, atarudi kwao.

Phanuel akairudisha, gari ikaunguruma, taa ikawaka ikazima vile inatakiwa, na Mzee alipoambiwa shida ilikuwa globu kutolewa, akauliza, "Globu ilitolewa na nani?"

"Ni mimi, mzee, niliitoa kuipangusa nikasahau."

"Fundi mzima unasahau globu? Toka!"

Wajomba wakafika Jumamosi wakamkuta barabarani na kitanda juu ya mkokoteni, Mzee akawaeleza wote, wakacheka, wakarudi, wakasema msichana haolewi na mtu msahaulifu.

Alihamia hapa Gatina, na ilichukua miaka miwili ya kubembeleza mpaka akamuoa Jentrix tarehe 11 Desemba 1976, wakabarikiwa na mabinti wawili na kijana mmoja. Jentrix, ulimuuliza mara ngapi ni kweli alikuwa mzembe, naye anacheka tu, anakuambia alikuwa kijana.

Mwaka jana kifua kilimuanza, akalazwa mara mbili, na tarehe 2 Juni 1986, alfajiri, akatuacha. Tunashukuru madaktari na manesi waliomshika, majirani wa Gatina mliolala hapa na sisi, mafundi wenzake mliofunga kazi, na kanisa iliyotupatia viti.

Hii ya globu nimeambiwa na Zeinabu mwenyewe, jana, tukiosha sufuria huko nyuma, akilia, akasema nimwambie Jentrix peke yake, asijue mtu mwingine, nikamwambia, dada, waliomcheka walikuwa wengi, wacha na wanaojua wawe wengi.

Phanuel mtoto wangu, lala vizuri, jina yako iko safi.