Ernesta Nahimana, Mchambuaji wa Kahawa wa Bugarama

Baba Padri, wazee wetu shikamooni, majirani wa hapa Bugarama, na ninyi ndugu mliotoka Bukiriro kwa miguu tangu jana, mimi ni Celestini Ndikuriyo, mdogo wa mwisho wa marehemu, nami ndiye niliyepewa kusoma historia yake, naomba mnivumilie, nimechoka, na karatasi hizi nimeziandika mara tatu.

Dada yetu Ernesta Nahimana alizaliwa Bukiriro tarehe 14 Machi 1936, mtoto wa pili wa marehemu mzee Ndikuriyo na mama Restituta, akabatizwa Pasaka iliyofuata, akaanza shule ya misheni mwaka 1945, akasoma vizuri hadi darasa la pili. Januari 1947 nilizaliwa mimi, mama akaugua baada ya uzazi, ikaamuliwa Ernesta aache shule anibebe mgongoni, na darasani hakurudi tena. Mimi nilisoma hadi darasa la nane.

Tarehe 9 Agosti 1955 alifunga ndoa na shemeji Gaspari Bigirimana, mkulima wa hapa, Mungu akawajalia watoto wanne, watatu wako hai, wa kwanza ni huyu Faustini aliyebeba msalaba leo. Walipanda mibuni yao kule kilimani, na tarehe 1 Juni 1965 marehemu akaanza kazi ya kuchambua kahawa katika ghala letu, akilipwa kwa debe, yaani siku ya kuumwa ni siku ya kulala njaa. Septemba 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, walihamishiwa huku barabarani, mibuni ikabaki kule ikimezwa na nyasi, na tangu hapo nyumba nzima ilitegemea debe lile.

Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni huko Brazili, nchi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona, bei ya kahawa duniani ikapanda ajabu, wanunuzi wa ng'ambo wakataka kahawa iliyopangwa madaraja kwa uangalifu, ikaja barua kwamba ghala lipeleke Moshi mtu mmoja akasomee upimaji, awe na cheti cha darasa la nane. Kila mtu ghalani alijua anayefaa ni nani, kwa kuwa Ernesta alitambua punje iliyotobolewa na mdudu kwa kuigusa tu, lakini cheti nilikuwa nacho mimi, karani wa mizani. Majuma matatu alinikalisha kwenye mkeka wake, akanifunga macho kwa kanga, akanifundisha punje moja moja, huku akinicheka kwamba nina vidole vya kushika kalamu.

Nilikwenda Moshi Mei 1976, nikafaulu, nikarudi mpima madaraja mwenye mshahara wa mwezi, ukapandishwa mara mbili ndani ya miaka miwili, malipo ya debe yakabaki palepale. Nilipokuwa na shaka nilimpelekea sampuli mkekani, yeye akaniambia, mimi nikaandika. Wahenga wanasema mchumia juani hulia kivulini, lakini dada alichumia juani, na aliyekula kivulini nilikuwa mimi.

Sasa nimefika mahali nilipotaka kuruka. Tarehe 3 Oktoba 1977 akina mama wa ghala, wakiongozwa na Ernesta, waliomba malipo ya debe yaongezwe, na ofisi ikaniuliza mimi, mtaalamu, kama kuchambua ni kazi ya ujuzi. Niliogopa kwamba nikisema ndiyo, wataniuliza mimi nalipwa kwa lipi, nikajibu kwa maandishi kwamba ni kazi ya mikono tu, mtu yeyote anaweza kuifanya. Ombi likakataliwa, nanyi akina mama mkaambiwa kwamba mtaalamu ameshauri hivyo, na jina halikutajwa. Mtaalamu huyo ni mimi. Dada alijua, kwa kuwa barua ilikaa siku mbili mezani kwangu, na darasa lake la pili lilitosha kuisoma, lakini nilipompelekea sampuli kesho yake aliipokea, akanionyesha kama kawaida. Niliona haya, na bado niliendelea kumpelekea.

Vita vya Kagera vilipoanza, malori yalichukuliwa kubeba askari, ghala likafungwa kuanzia Novemba 1978 hadi Julai 1979, sisi wa mwezi tukaendelea kulipwa, wachambuaji wakarudi nyumbani mikono mitupu, na Faustini akaenda Biharamulo kujiandikisha mgambo. Alirudi salama, tunamshukuru Mungu, akamkuta mama yake analima kibarua katika shamba la watu.

Kikohozi kilimwanza mwaka 1980, kwa lile vumbi la maganda, akaendelea kufanya kazi nacho hadi alipolazwa hospitali ya misheni tarehe 28 Aprili mwaka huu, 1983, akafariki Alhamisi tarehe 19 Mei, saa kumi alasiri. Ukoo ulitaka Faustini asome historia hii, lakini marehemu aliagiza nisome mimi, akasema Celestini ndiye anayejua kuandika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliomlimia shamba na kumletea uji, na wafanyakazi wenzake wa ghalani, hasa akina mama, ambao sina uso wa kuwatazama. Barua ya pili, ya kuifuta ile ya kwanza, nimeiandika, nimetia sahihi, na Jumatatu nitaipeleka ofisini mwenyewe, hata kama itanitoa kazini. Kwako dada imechelewa. Pumzika kwa amani.