Serikali ya Benchi na Maua ya Korosho

Kijiwe chetu kipo Kiranjeranje, kando ya barabara kuu iendayo Lindi: benchi moja la mbao, nyuma yake ukuta wa duka lililofungwa. Mwezi wa tano tulifanya mapinduzi. Tulimwondoa Mzee Kondo, mwenyekiti wa kijiwe, tukaunda serikali. Optatus akawa Rais, Ismael akawa Jenerali, Nikodemu anayelala na redio kifuani akabaki Redio, na mimi Leonard nikapewa Uwaziri wa Ulinzi kwa sababu nilichelewa kufika, vyeo vyenye maana vikawa vimekwisha. Kijiwe cha ng'ambo ya barabara kikakataa kututambua, nasi tukatangaza vita. Amri ya vita ilikuwa moja tu: hakuna kubanduka benchini mchana kutwa, adui asije akalikalia. Sasa ni Julai, mikorosho imechanua, na wenye akili zao wote wako mashambani wanapuliza dawa ya salfa maua yasiliwe na ubwiriunga, ule ukungu mweupe. Sisi tunalinda benchi.

Asubuhi moja Iddi muuza kahawa alikuwa ametumiminia kikombe cha kwanza, Redio akaanza.

Redio: — Jamani, nimesikia habari. Huko mbali kuna serikali ya mapinduzi ipo vitani. Adui kashindwa kuing'oa. Inayumbishwa na nyumbani kwake mwenyewe! Unga umepanda, vijana wamepelekwa vitani, kina mama wamechoka.

Rais: — Uzushi huo. Serikali ya mapinduzi haiyumbi.

Redio: — Mheshimiwa, jana ulikula nini?

Rais: — Hayo ni mambo ya usalama wa taifa.

Jenerali: — Alikula muhogo mkavu. Mkewe, Mama Agnes, kagoma kupika. Na mimi mke wangu Mwanasha kanifungia mlango, nimelala barazani na mbuzi.

Rais: — Vumilia, Jenerali. Mvumilivu hula mbivu.

Jenerali: — Mbivu ipi, Mheshimiwa? Mikorosho yangu maua yameanza kuwa meupe kama yamepakwa unga!

Hapo moyo wangu ukashtuka, maana mikorosho yangu sikuwa nimeitazama wiki nzima. Usiku uliopita mke wangu Restuta aliniambia neno moja tu: "Baba Rosa, ua la korosho halisubiri vita viishe." Kisha akageukia ukutani. Ada ya Rosa inatoka kwenye mikorosho ile, hatuna kingine. Lakini waziri atasemaje mbele ya Rais wake? Nikanywa kahawa.

Mimi: — Labda tuzibe ufa mapema. Twende mashambani kwa zamu.

Rais: — Hapana! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuko vitani, tunauhitaji ukuta. Acheni ufa!

Jenerali: — Kweli aisee. Halafu nyie hamshtuki? Wake zetu wote wamenuna ndani ya wiki moja. Hiyo siyo bahati mbaya. Ng'ambo wamewatilia kitu kwenye vitunguu.

Redio: — Vitunguu wapi! Kuna setilaiti. Inahesabu moshi wa majikoni. Ikiona jiko halifuki, wanajua mwenye nyumba hana nguvu, wanashambulia.

Rais: — Basi leo kila mtu akachome majani mabichi nyuma ya nyumba. Tutawachanganya.

Tukatikisa vichwa, watu wazima na ndevu zetu. Hapo akatokea Hasani, kijana wa kisiwani Songo Mnara aliyeoa hapa kijijini juzijuzi, hata mkorosho bado anauuliza jina.

Hasani: — Shikamooni, wazee.

Sote: — Marahaba.

Hasani: — Samahani, mimi mgeni. Huyo Mzee Kondo alikosa nini hata mkampindua?

Rais akamtazama Jenerali. Jenerali akamtazama Redio. Redio akazima redio, jambo ambalo sijapata kuliona.

Kondo alikuwa na desturi yake. Ukimaliza kikombe cha pili, anakipindua kikombe chako na kusema, "Imetosha. Shambani." Ndiyo tuliyoiita dhuluma. Ndiyo iliyotupandisha hasira tukaapa kwa Mungu na kwa Mtume kumng'oa, Wakristo na Waislamu pamoja. Niliona aibu, tena aibu kubwa.

Iddi akainamisha dele lake la kahawa. Yakatoka mashapo.

Hapo tukasikia bomba la kupulizia salfa likiwashwa upande wa bondeni. Likakohoa mara mbili, ndipo likashika.

Jenerali: — Bomba la nani hilo?

Lilikuwa langu. Na zaidi yangu mimi, mtu pekee anayeweza kuliwasha ni yule aliyenifundisha: Kondo. Restuta alikuwa amemwita.

Nikainuka.

Rais: — Waziri, unakwenda wapi? Benchi utamwachia nani?

Mimi: — Nakwenda kujisalimisha.

Rais akalitazama benchi, akaitazama barabara. Kule ng'ambo hapakuwa na mtu hata mmoja. Walikuwa mashambani tangu alfajiri.

Rais: — Ningoje basi, nivae viatu.